Kabureta kubwa si dawa ya kila injini

Leo tuache programu kidogo, tuzungumze injini. Binamu yangu huko Texas ana Camaro ya 1969, V8 ya inchi za ujazo 350. Wikendi moja alibadilisha kabureta, kemshafti na distributa kwa mpigo. Sasa gari linakohoa kila akikanyaga mafuta, na anataka kung'oa injini nzima anunue nyingine.

Mimi nasema asing'oe! Hesabu ni rahisi: injini hiyo hunyonya nusu ya ujazo wake kila mzunguko. Kwa mizunguko 5,500 kwa dakika, hata silinda zikijaa kabisa, ni futi za ujazo 557 hivi za hewa. Yeye kaweka kabureta ya futi 850! Mwendo ukiwa mdogo, hewa hupita humo polepole, haivuti petroli sawasawa.

Lakini huenda kosa ni taimingi, au gasketi inavuja hewa. Utajuaje, ilhali vitatu vilibadilishwa pamoja? Sisi tunaoandika programu tunaijua adha hii. Nimemwambia arudishe kabureta ya zamani kwanza, awashe, tuone.

Kumbe ameshaiuza.