Huyo Kwatabeki Hamjamwona Bado

Kila Agosti, kabla ligi ya futiboli ya Marekani haijaanza, simu yangu hujaa mahakimu. Mechi inayoanza saa moja jioni kule Charlotte au Cleveland, huku Nairobi ni saa nane usiku, kwa hivyo wengi wetu hatuitazami. Tunaamka, tunakuta klipu ya sekunde kumi na mbili, na kabla chai haijapoa hukumu imeshatoka. Huyu kijana ni moto. Huyu kijana ni bure kabisa. Klipu ni ileile moja. Na msidhani wenzetu wanaokaa uwanjani wana afadhali. Wao wametazama mechi nzima na bado wanahukumu kama sisi wa klipu.

Nimechoka na hao mahakimu, wa hapa na wa kule, na nitawajibu kwa kesi ya Shedeur Sanders, kwa sababu sijaona kesi nyingine iliyouanika ugonjwa huu hivi.

Kwa wale ambao mchezo huu bado ni kelele tu: kwatabeki ndiye anayeshika mpira shambulizi linapoanza. Anawasoma mabeki, anaamua arushe, akabidhi au akimbie, na yote hayo ayamalize kwa kama sekunde tatu huku majitu ya kilo 130 yakimjia. Ndiyo maana timu ikipata kwatabeki mpya mji mzima hushika mimba.

Sanders ni mtoto wa Deion Sanders, nyota mkubwa wa zamani ambaye pia ndiye aliyekuwa kocha wake Jackson State na baadaye Colorado. Aprili 2025, timu zilipokuwa zikichagua vijana wa vyuo kwa zamu, wengi walitarajia aitwe raundi ya kwanza. Raundi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Raundi ya tatu Cleveland Browns wakachukua kwatabeki, lakini wakamchukua Dillon Gabriel. Sanders akaja kuitwa raundi ya tano, chaguo la 144, na timu iliyomwita ni hiyohiyo Cleveland. Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika kama familia inayogombania shamba.

Agosti 8, kule Carolina, Sanders alianza mechi yake ya kwanza ya maandalizi. Makwatabeki wengine wawili walikuwa na majeraha, kwa hivyo nafasi ilijileta. Alikamilisha pasi 14 kati ya 23, yadi 138, tachidauni mbili, hakuna pasi iliyonyakwa. Browns wakashinda 30 kwa 10. Kesho yake ungedhani mtu amefufuka. Wasee walidai aanzishwe msimu mara moja, ati kocha anamchukia, ati ligi nzima inafaa kumwomba msamaha baba yake.

Agosti 23, dhidi ya Rams, aliingia tena. Pasi 3 kati ya 6, yadi 14, akaangushwa mara tano mpira ukiwa mkononi. Ilipofika shambulizi la mwisho, kocha akamtoa, akamweka Tyler Huntley. Kambi ya pili ikatoka mafichoni na meno nje. Siku kumi na tano tu! Mtu aliyekuwa mkombozi amekuwa mtoto wa mama, na hakuna hata mmoja kati ya wale mahakimu aliyebadilisha mawazo. Waliompenda walisema ukuta ulimwangusha na kocha akamhujumu. Waliomchukia walisema ile mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya watu wa akiba.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Shabiki wa Agosti hamtazami mchezaji. Anatafuta ushahidi wa jambo aliloshaliamini tangu Aprili. Mchezaji akifanya vizuri, anaongeza kwenye faili. Akifanya vibaya, faili haifunguliwi siku hiyo.

Na Agosti ni mwezi mbaya wa kukusanya ushahidi, hata kama una nia safi. Nyota wengi huketi na kofia vichwani wakila mbegu za alizeti. Makocha wa ulinzi huficha karata zao, hawataki wapinzani wa Septemba wazione, kwa hivyo kwatabeki mpya hukutana na mabeki waliopangwa kwa njia rahisi kabisa. Upande wake nao, wanaomlinda wanaweza kuwa watu ambao wiki ijayo hawana kazi. Unapima nini hapo? Ni kama kumpima dereva wa matatu kwa jinsi anavyoendesha Jumapili asubuhi Thika Road ikiwa tupu.

Kumbukumbu zipo. Detroit Lions walishinda mechi zao zote nne za maandalizi mwaka 2008, kisha wakapoteza zote 16 za msimu. Cleveland wenyewe walirudia miujiza hiyohiyo 2017, nne kwa sifuri Agosti, sifuri kwa kumi na sita baadaye. Kwatabeki wao mpya mwaka huo alikuwa DeShone Kizer. Agosti watu walimpigia makofi. Msimu ukaja, akaanza mechi 15, akapoteza zote, akatupa pasi 22 mikononi mwa wapinzani. Peyton Manning naye, ambaye hakuna anayebisha ukuu wake, pasi yake ya kwanza kabisa ya maandalizi mwaka 1998 iliishia kuwa tachidauni, halafu msimu ulipoanza akanyakwa pasi 28.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni Trey Lance. San Francisco walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza kumpata, pesa ya mchezo huo haiko juu zaidi ya hapo. Agosti 2021, mechi yake ya kwanza, akarusha mpira ukaenda yadi 80 hadi tachidauni. Manze, ile klipu! Niliiona mara nyingi kuliko nilivyoona picha za harusi ya dada yangu. Na kila aliyenionyesha alisahau kutaja kwamba siku hiyo Lance alirusha mpira mara 14 na ukakamatwa mara tano tu. Pasi tisa zilizoanguka chini hazina klipu. Miaka miwili baadaye, Agosti vilevile, alipelekwa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne, na aliyekaa kwenye kiti chake alikuwa Brock Purdy, kijana aliyeitwa wa 262, wa mwisho kabisa mwaka wake.

Sasa najua utaniletea Dak Prescott. Kila mtu hunijibu kwa Dak. Ni kweli, 2016 Dallas walimchukua raundi ya nne, na Agosti akawaka: mechi ya kwanza pale Los Angeles alikamilisha pasi 10 kati ya 12 na tachidauni mbili, kisha msimu ukaisha timu ikiwa na ushindi 13. Haya. Lakini uliza alipataje kiti. Tony Romo aliumia mgongo dhidi ya Seattle kwenye hizo hizo mechi za maandalizi. Mgongo wa Romo ungekuwa mzima, Dak na namba zake tamu angekaa benchi Septemba, na wewe ungekuwa umesahau. Makofi yenu hayakumpa kitu. Hata ukitumia mfano wako bora kabisa, Agosti haikuamua.

Kuna jambo zito zaidi ambalo linanifanya nisicheke tu na kuendelea. Huku kwetu, na kwa mashabiki weusi wa kule, kumtetea Sanders kulikuwa karibu wajibu. Naelewa kwa nini. Marlin Briscoe alianza kama kwatabeki wa Denver mwaka 1968, akafanya vizuri, na mwaka uliofuata hakupewa hata nafasi ya kushindania kiti. Ikabidi aende Buffalo akawe mpokeaji wa pasi. Warren Moon, mwaka 1978, hakuna timu iliyomwita. Akaenda Kanada, akashinda ubingwa wa kule miaka mitano mfululizo na Edmonton, ndipo NFL ikakumbuka kumfungulia mlango mwaka 1984. Leo yuko kwenye ukumbi wa magwiji. Na msidhani hayo ni ya mababu: mwaka 2018, Bill Polian, meneja mstaafu anayeheshimiwa, alisema hadharani kwamba Lamar Jackson afaa kuwa mpokeaji. Mwaka uliofuata Jackson alichaguliwa mchezaji bora wa ligi bila kura hata moja kupotea.

Kwa hivyo mtu mweusi akiambiwa kijana fulani 'hajaiva', ana haki ya kuuliza ameiva kwa kipimo cha nani.

Lakini ebu angalia kosa lililotendwa kwa Moon lilikuwa lipi. Ushahidi ulikuwepo, mechi chungu nzima, akiwa nahodha wa timu ya chuo iliyoshinda Rose Bowl. Wapimaji waliangalia yote hayo na macho yao yakaona kile walichokuwa wameamua kuona. Ndicho hichohicho tunachofanya na klipu. Tumechukua ugonjwa wa wale wazee wa suti, tumeuvalisha jezi, tukauita upendo. Na kwa sababu viti ni vichache, upendo wetu kwa Sanders ulimgeuza Dillon Gabriel kuwa adui. Kijana wa Hawaii aliyeitwa tu kazini kama yeye, na watu wazima wakaombea pasi zake zinyakwe. Alikukosea nini?

Kama kweli unataka kumpima kwatabeki Agosti, unaweza, ila itakubidi uache kuufuata mpira. Tazama kabla haujarushwa. Je, wenzake wanafika kwenye mstari saa ikiwa bado na muda, au kila mara anapiga kelele dakika ya lala salama? Macho yake yanahama kutoka kwa mpokeaji wa kwanza kwenda wa pili, au anamkodolea mmoja kama mtu anayesubiri deni? Miguu yake inabaki imetulia baada ya kugongwa mara moja? Hayo mambo hayategemei sana kama beki aliye mbele yake ni nyota au ni mtu wa akiba.

Sasa mrudie Sanders na ile mechi ya Rams. Kuangushwa mara tano si lazima iwe kosa la ukuta, na si lazima iwe kosa lake. Mara nyingi ni ndoa ya yote mawili. Lakini aliyemfuatilia Colorado alijua swali la kuuliza, kwa sababu mwaka 2023 pale chuoni aliangushwa mara 52. Ukuta wake ulikuwa mbovu, ndiyo, hata kipofu aliona. Pia alikuwa na tabia ya kushika mpira akitumaini kitu kizuri zaidi kitafunguka. Swali la maana Agosti yote lilikuwa moja: ile tabia inapungua? Mechi ya Carolina haikujibu vizuri, ya Rams ilijibu vibaya kidogo, na jibu lenyewe lilihitaji miezi. Sikumsikia hakimu yeyote akiuliza hilo. Walikuwa wanabishania saa na mikufu yake.

Miezi ilipita. Novemba 23 alianza mechi yake ya kwanza ya kweli, dhidi ya Raiders, na Cleveland wakashinda 24 kwa 10. Nilijua kitakachofuata, na kikafuata: 'Si tulisema!' Mlisema nini? Mlikuwa mmesema aanze Septemba, dhidi ya mabeki ambao hakuwa amewahi kuwaona. Kati ya hapo na Novemba kulikuwa na mazoezi ambayo hakuna kamera iliyowaletea, na benchi, na mechi nzima ya kujifunza akiwa na ubao mkononi. Kijana alifanya kazi. Nyinyi mlifanya kelele.

Kuna wengine ambao Agosti ni kila kitu kwao, na hao ndio hatuwatazami. Timu huingia kambini na wachezaji 90 na mwisho wa mwezi lazima wabaki 53. Piga hesabu kwa timu 32: karibu wanaume 1,200 wanaambiwa warudishe vitabu vya mbinu. Baadhi huitwa tena kwenye kikosi cha mazoezi, wengi hurudi nyumbani. Yule beki wa tatu aliyemkimbiza Sanders robo ya nne hakuwa anacheza mechi ya maandalizi. Alikuwa kwenye mtihani wa kodi ya nyumba.

Daniel Adongo wetu alipitia mlango huo. Mwaka 2013 alitoka kwenye raga, mchezo mwingine kabisa, akajiunga na Indianapolis Colts, na Desemba akaingia uwanjani kama Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Mwezi wa Agosti mwaka ule, ni wangapi hapa Nairobi walikuwa wakihesabu alivyogonga watu? Makocha walihesabu. Walirudisha kanda nyuma, wakatazama mguu upi ulitangulia, wakarudisha tena.

Agosti ijayo kutakuwa na kijana mwingine, na mtanitumia klipu yake saa kumi na mbili asubuhi mkiwa mmeandika kwa herufi kubwa. Sawa, tumeni. Ila mkinitumia ile iliyoenda yadi 80, nitumieni na zile tisa zilizoanguka.