Mfuko wa Fimbo za Kuvulia: Tuitazame Njia Kwanza



Juma hili naomba ruhusa yenu niandike juu ya jambo ambalo kwa kawaida halipati nafasi katika ukurasa huu, yaani mfuko wa kubebea fimbo za kuvulia samaki. Baadhi yenu mmekuwa mkichanga fedha ili kumpatia zawadi mwalimu wetu mstaafu, ambaye kila Jumamosi hupanda daladala na kisha kutembea kwa miguu hadi ufukoni mwa Ziwa Victoria, amekumbatia fimbo zake tatu zilizofungwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Wachangaji wamegawanyika. Wako wanaotaka begi kubwa lenye magurudumu, vifuko vingi na nafasi ya fimbo nane, na wako wanaotaka kasha gumu. Nimeulizwa mawazo yangu zaidi ya mara moja, nami nayatoa hapa ili kila mmoja ayasome kwa utulivu.

Msimamo wangu ni huu: mfuko wa namna hii huchaguliwa kwa kuitazama njia, wala si kwa kulitazama ziwa. Fimbo ikiwa ziwani imo mikononi mwa mwenyewe, nayo imeundwa ili ipinde. Njiani, kinyume chake, hukaliwa, hubanwa na mlango, huangukiwa na gunia la mahindi, na mwenyewe hana uwezo wa kuyazuia hayo yote. Kwa hiyo anayeanza kuuliza mfuko utachukua fimbo ngapi ameanza na swali la mwisho.

Yafaa tuelewe fimbo yenyewe inavunjikaje. Mwanzi wa mababu ulivumilia mengi, na faiba iliyoenea baada ya Vita Kuu ya Pili nayo ni mvumilivu, ingawa ni nzito. Fimbo za kaboni zilizoingia madukani katika miaka ya 1970 ni jambo jingine. Ni nyepesi na zina nguvu ya ajabu zikipindwa, lakini ni mirija mitupu yenye kuta nyembamba sana, hasa karibu na ncha. Chubwi la risasi likiigonga fimbo ya aina hiyo ndani ya mfuko, huweza kuacha ufa usioonekana kwa macho. Hakuna atakayeutambua siku hiyo. Wiki mbili baadaye sangara wa kilo nne atavuta, fimbo itakatika mahali palepale, na mwenyewe atamlaumu samaki, au muuzaji. Mzee wetu anazo fimbo mbili za faiba na moja ya kaboni aliyonunuliwa na mwanawe, na hiyo ndiyo tunayopaswa kuilinda. Kifaa kilicho dhaifu kuliko vingine vyote ndicho kiamue mfuko uwe wa namna gani.

Kutokana na hayo, jambo la kwanza la kukagua ni kama mfuko una vitenganisho vilivyojazwa sponji, ili fimbo zisigongane, na kama machubwi na vigurudumu vya kukunjia mshipi vina mahali pake mbali na fimbo. Mifuko mingine, ya bei kubwa tu, ni gunia zuri lenye zipu. Fimbo nane zinazogongana ndani yake si afadhali kuliko tatu zilizofungwa kwa kanga. Naam, nathubutu kusema kanga inazizidi, kwa kuwa hukazwa.

Urefu nao haukadiriwi kwa macho. Fimbo ya kaboni ya mzee ina futi 7, yaani kama sentimita 213, na hukatwa vipande viwili. Nusu yake ni sentimita 107 hivi, lakini kwa kuwa kipande kimoja huingia ndani ya kingine, hicho kinachoingia huzidi nusu kidogo. Mfuko wa sentimita 115 hadi 120 utatosha. Ule wa sentimita 150 mnaousifu kwamba utafaa hata fimbo zijazo una kasoro ambayo muuzaji hatawaeleza: fimbo fupi ndani ya mfuko mrefu huteleza, na kila dereva anapokanyaga breki, ncha hugonga mwisho wa mfuko. Tena jaribuni kuingia na kitu cha mita moja na nusu katika daladala ya saa kumi na mbili asubuhi. Anayekwenda kununua achukue futikamba na apime fimbo zenyewe, si kutegemea namba iliyoandikwa kwenye lebo.

Kuhusu magurudumu, sina mengi. Barabara ya kwenda ufukoni ni ya vumbi na mawe. Mkanda mpana wa begani utamfaa zaidi.

Mtaona pia mifuko imeandikwa 600D au 1680D, na vijana wamenieleza kwamba namba kubwa ndiyo imara. Namba hiyo ni uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Inatuambia uzi ni mnene kiasi gani, basi. Haisemi lolote juu ya mshono, zipu, wala kitako cha mfuko, na hapo ndipo mifuko hufa. Pindueni mfuko, tazameni kitako chake kama kimeongezwa kipande kigumu, kisha vuteni mshono wa mkanda kwa nguvu mbele ya muuzaji. Akikasirika, nendeni duka la pili.

Sasa niwageukie wenzetu wa kasha gumu, ambao kwa sehemu kubwa nakubaliana nao, ila kwa bei. Kasha la dukani ni bomba la plastiki lililovishwa kitambaa. Bomba la maji taka la inchi 4, linalopatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, likikatwa kwa urefu tuliousema, likagundishwa kifuniko upande mmoja na kuwekwa kifuniko cha kuzungusha upande wa pili, litafanya kazi ileile. La inchi 2 msilinunue, maana pete kubwa za kupitishia mshipi zitakwama. Hata siku mzee atakapoalikwa na mwanawe Dar es Salaam kwa ndege, mashirika mengi hupima mzigo kwa kujumlisha urefu, upana na kimo hadi sentimita 158, na bomba la sentimita 120 lenye kipenyo cha 11 linafikia 142 tu. Pendekezo langu basi: mfuko laini wa wastani wa kumfaa kila Jumamosi, na bomba la kutengenezwa na fundi wetu kwa ajili ya fimbo ya kaboni akisafiri mbali. Fedha itakayobaki imnunulie koti la mvua.

Kuna jambo moja ambalo sitalijadili kwa upole. Kati yenu wapo wanaopanda gari la abiria na fimbo iliyokwisha kufungwa ndoano, tena zile za ncha tatu, ikining'inia juu ya vichwa vya watoto. Wale wavuvi tunaowasoma katika Injili walikuwa watu wa nyavu, na ndoano inatajwa mara moja tu, katika Mathayo sura ya 17, wala haikuwa ndani ya daladala. Ndoano zote zitolewe na kuwekwa katika kikopo chenye mfuniko kabla ya kuondoka nyumbani. Jicho la mtoto halishonwi. Kadhalika wanaokwenda kwa bodaboda wakiwa wamesimamisha fimbo ndefu mgongoni wakumbuke kwamba kaboni hupitisha umeme, na nyaya za mitaani kwetu pengine huning'inia chini mno. Fimbo itenganishwe vipande, iingie yote ndani ya mfuko, ilazwe.

Mwisho ni unyevu. Wakati wa kurudi fimbo huwa zimelowa, na mfuko mzuri uliofungwa vizuri huutunza unyevu huo usiku kucha: pete hupata kutu, mpini wa koki huota ukungu, rangi ya fimbo huvimba malengelenge. Fundi atoboe matundu madogo matatu au manne katika kifuniko cha bomba. Na yule atakayemkabidhi mzee mfuko amweleze mama wa nyumbani pia, maana ndiye atakayeukuta Jumapili asubuhi umesimama nyuma ya mlango ukinuka, kwamba unatakiwa kufunguliwa zipu zote na kuanikwa kivulini, na fimbo zifutwe kwa kitambaa kikavu. Ile kanga kuukuu itafaa sana kwa kazi hiyo.