Sanamu ya Toul na Damu ya Algiers

Mnamo Oktoba 2024, katika mji mdogo wa Toul, mashariki ya Ufaransa, ilisimamishwa sanamu ya shaba nyeusi ya Jenerali Marcel Bigeard akiwa katika sare ya askari wa miavuli. Halmashauri ya mji ilikwisha likubali jambo hilo tangu mwaka 2018, na sanamu yenyewe ilikuwa zawadi ya wakfu unaobeba jina la jenerali huyo. Bigeard alizaliwa Toul mwaka 1916, akafia huko huko mwaka 2010, na watetezi wake wakasema kwamba mji unamuenzi mwanawe, basi wengine inawahusu nini?

Inatuhusu, na tutaeleza. Hatuzungumzii hapa hukumu ya masanamu katika dini yetu. Hukumu hiyo mnaijua, na watu wa Toul hawakutuomba fatwa. Tunalozungumzia ni dhulma kuvikwa taji mchana kweupe.

Suratul Maidah inatuamrisha kufanya uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, basi na tuanze na haki yake. Bigeard alitekwa na Wajerumani mwaka 1940, akatoroka, na mwaka 1944 alirushwa kwa mwavuli ndani ya nchi yake kupigana na Wanazi. Huo ni ushujaa, hatuupingi. Lau habari zake zingeishia hapo, tusingeandika neno.

Lakini hazikuishia hapo. Januari 1957 serikali ya Ufaransa iliwakabidhi askari wa miavuli wa Jenerali Massu madaraka ya polisi katika mji wa Algiers. Bigeard alikuwa kamanda wa kikosi kimojawapo. Watu walichukuliwa majumbani usiku, wakateswa kwa umeme na kwa maji. Wengine walitupwa baharini miguu yao ikiwa imezamishwa katika saruji, na maiti hao wakapewa jina la dhihaka: "kamba wa Bigeard", yaani kamba wale wanaovuliwa na kuliwa. Paul Teitgen, Mfaransa aliyesimamia polisi mjini humo, na ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuteswa na Wajerumani, alihesabu watu 3,024 waliokamatwa na wasionekane tena. Akajiuzulu.

Miongoni mwa waliokamatwa na askari wa Bigeard ni Larbi Ben M'hidi, mmoja wa viongozi wakuu wa mapambano ya uhuru. Alikamatwa Februari 1957, akakabidhiwa kwa Aussaresses na watu wake, na mwezi Machi akatangazwa kuwa amejinyonga. Mwaka 2001 Aussaresses alikiri kitabuni kwamba walimnyonga wao. Husemwa kwamba Bigeard alimpa mateka wake heshima za kijeshi kabla ya kumtoa. Heshima gani hiyo, ya kumpigia mtu saluti kisha kumsukuma mikononi mwa wanyongaji?

Na mwezi Aprili wa mwaka huo huo, watu wenye silaha walimtoa nyumbani kwake Algiers Sheikh Larbi Tebessi, kiongozi wa Jumuiya ya Maulamaa wa Kiislamu wa Algeria, ile iliyoasisiwa mwaka 1931 chini ya Sheikh Abdelhamid Ben Badis ili kuirudishia umma elimu na lugha ya dini yake. Hakuonekana tena. Hana kaburi linalojulikana. Waulizeni vijana wetu baada ya sala ya Ijumaa, Tebessi ni nani? Majina ya wachezaji wa timu ya taifa ya Ufaransa watawatajia yote, na wa akiba pia. Aibu hiyo ni yetu, si ya watu wa Toul.

Watetezi wa sanamu wana hoja moja wanayoikariri: nyakati zilikuwa za vita, kila askari alitii amri. Bigeard mwenyewe alikana kwamba alitesa, ingawa aliyaita mateso kuwa ni shari isiyoepukika. Hoja hii inavunjwa na Mfaransa mwenzao. Jenerali Jacques de Bollardière, naye mtu wa miavuli, naye mpiganaji dhidi ya Wanazi mwenye nishani tele, alikuwako Algeria mwaka ule ule. Alikataa mateso, akaomba kuondolewa katika nafasi yake, akalipwa kifungo cha siku 60 ngomeni. Kwa hiyo kukataa kuliwezekana. Waliotafuta askari wa kumpigia mfano walikuwa naye mkononi, wakampita.

Kisha tazameni tarehe. Sanamu ilisimama Oktoba 2024. Tarehe 1 Novemba 2024, siku chache tu baadaye, Rais Macron alitamka rasmi kwamba Ben M'hidi aliuawa na askari wa Ufaransa. Dola inakiri mauaji, na papo hapo mji wa dola hiyo umekwisha kumpandisha juu ya jiwe kamanda aliyemkamata maiti. Nchi hiyo ina mamilioni ya watu wenye asili ya Algeria. Wanalipa kodi, watoto wao wanasoma shule zile zile, na walitakiwa wapite chini ya shaba hiyo kimya.

Hatumwiti mtu yeyote kwenda na nyundo. Tunataka ukweli uandikwe na usomwe. Mwaka 2000 Bibi Louisette Ighilahriz alijitokeza hadharani kusimulia alivyoteswa Algiers mwaka 1957. Massu alionyesha majuto. Bigeard akasema ni uongo mtupu. Na kilichomsukuma mama huyo kusema, baada ya miaka zaidi ya 40, kilikuwa hamu ya kumpata daktari mmoja wa jeshi la Ufaransa, jina lake Richaud, aliyemkuta katika hali ile akamtoa mikononi mwa watesaji. Alitaka kumshukuru. Daktari alikuwa ameshafariki.