Bastola ya mtoto wa Louisville

Alhamisi, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba kule Kadutu, mama mmoja alibaki nyuma. Mtoto wake, aliyekaa miaka kambini Nyarugusu kabla ya kupelekwa Marekani, anaishi Louisville, jimbo la Kentucky, na kazi yake ni kuendesha lori. Amemtumia picha kwa WhatsApp: bastola mpya juu ya meza. "Mama, usiogope, huku ni haki. Hata karatasi hawaulizi." Mama hakulala usiku ule. Akaniuliza: ni kweli?

Ni kweli, ila ni kweli ya Kentucky. Tangu 2019, mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye sheria haimkatazi kuwa na silaha anaweza kubeba bastola chini ya nguo bila kibali. Kijana hakumwambia mama kwamba kila jimbo la Marekani lina sheria yake ya kubeba silaha iliyofichwa. Sisi tunaovuka Ruzizi tunaelewa haraka: mfuko wa plastiki uliotiwa nyanya hapa kwetu, ukifika ng'ambo Rwanda unakamatwa. Ukisema "kwetu tunabebea huo huo", nani anakusikiliza?

Na lori linapita majimbo mengi. Illinois, ambako iko Chicago, haitambui kibali cha jimbo lingine. Ukishuka garini na bastola kiunoni, una kesi. New Jersey ni kali zaidi. Oktoba 2013 polisi wa huko walisimamisha gari la Shaneen Allen, mama wa watoto wawili kutoka Philadelphia. Alikuwa na kibali halali cha Pennsylvania, na yeye mwenyewe akamwambia polisi kwamba ana bastola. Alidhani anafanya vizuri. Alikaa gerezani zaidi ya mwezi, hukumu ya miaka ikimtishia, na gavana Chris Christie akamsamehe Aprili 2015. Kutoka Philadelphia mpaka New Jersey ni kuvuka daraja tu.

Desemba 2017 baraza la wawakilishi huko Washington lilipiga kura ili kibali cha jimbo moja kifanye kazi kote. Seneti haikupitisha. Sheria ya nchi nzima iliyopo, ya 1986, inamruhusu msafiri kupita na silaha isiyo na risasi, imefungwa mbali na mkono, kama anakotoka na anakokwenda anaruhusiwa kuibeba. Kupita, si kutembea nayo.

Hapo mama alianza kupumua, na mimi nikamharibia tena. Shaneen Allen ni raia. Mtoto wetu bado ana kadi ya kijani. Korti ya jimbo ndiyo inayomhukumu mtu kwa kosa la silaha, lakini Washington ndiyo inayoamua mgeni gani abaki nchini, na kwa sheria ya uhamiaji hukumu ya kubeba silaha kinyume cha sheria yaweza kumfukuzisha hata mwenye kadi. Kosa la siku moja barabarani, na miaka yote ya kambini imekuwa bure.

Simlaumu kijana kwa kutojua. Amekulia katika nchi yenye sheria moja ya silaha, ile ya 3 Septemba 1985, kutoka Bukavu mpaka Kinshasa. Katiba ya 2006 inasema kwamba, katika mambo ambayo taifa na majimbo wanashirikiana, edi ya jimbo inayopingana na sheria ya taifa haina nguvu. (Kama sheria hiyo inafuatwa, waulizeni wamama wanaosikia risasi usiku.)

Jumamosi mama alimpigia. Kijana akacheka. Mama akamwuliza: "Juma lijalo unapeleka mzigo wapi?" Kicheko kikaisha. Ni New Jersey.

Wenye watoto huko, ulizeni swali hilo hilo kabla ya kuuliza lingine. Na kama nyumbani kuna watoto wadogo, ulizeni pia silaha inalala wapi na ufunguo ana nani. Mama yetu amedai picha kabla lori halijawashwa Jumatatu: kabati limefungwa, bastola ndani, ufunguo mkononi mwa mkwe wake.