"Inxeba": Siri Ililindwa, Kijana Akasahaulika



Likizo iliyopita tulikaa mafrateri wanne mbele ya kompyuta moja, tukatazama filamu ya Afrika Kusini iitwayo "Inxeba". Ni neno la Kixhosa, maana yake jeraha. Mwanzoni mmoja wetu alikuwa akitania. Ilipoisha, hakuna aliyekuwa na la kusema.

Filamu hiyo ya mwaka 2017, iliyoongozwa na John Trengove, inamhusu Xolani, kibarua mpweke ambaye kila mwaka huenda milimani, huko Eastern Cape, kuwa mlezi wa vijana walio jandoni. Huko hukutana na Vija, mlezi mwenzake mwenye mke na watoto, na kati yao kuna mapenzi ya siri. Safari hii Xolani anakabidhiwa Kwanda, kijana wa Johannesburg ambaye baba yake anamwona legelege na anataka jando limkomaze. Kwanda anaigundua siri. Mwishoni Xolani, kwa kuogopa kuumbuliwa, anamuua kijana yuleyule aliyekabidhiwa amlee.

Mapokezi yaligawanyika. Wahakiki wengi waliisifu, na ikaingia katika orodha ya filamu 9 zilizobaki kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Malalamiko yalianza tangu trela ilipotoka, kabla watu hawajaiona filamu yenyewe. Ilipofika kwenye majumba ya sinema Februari 2018, maandamano yalifanya baadhi ya majumba ya Eastern Cape yaiondoe. Mwigizaji mkuu, Nakhane Touré, alitishiwa maisha. Mwezi huohuo chombo cha rufaa cha bodi ya filamu kiliipa daraja la X18, ambalo ni la filamu za ngono, kwa hiyo sinema za kawaida hazikuruhusiwa kuionesha. Juni 2018 Mahakama Kuu ya Pretoria ilitengua uamuzi huo.

Hatuwadharau waliolalamika. Jando la Wakhosa, ulwaluko, ni jambo takatifu kwao, na mambo yake hayasemwi ovyo. Mwongozaji ni mzungu, ingawa aliiandika pamoja na Thando Mgqolozana na Malusi Bengu. Hata sisi Wakatoliki tungeumia kuona kitubio kikigeuzwa tamthilia. Lakini siri peke yake haitoshi kueleza hasira ile. Nelson Mandela mwenyewe alisimulia jando lake katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1994, na kitabu hicho kinasomwa kwa heshima. Tunadhani kilichochoma zaidi ni kuambiwa kwamba mtu kama Xolani yupo hata kule mlimani, tena ni mlezi.

Katika yote tuliyoyasoma, wahakiki walizungumzia ushujaa wa filamu, wazee walizungumzia mila, na wanasheria walizungumzia daraja. Kwanda alitajwa kidogo sana. Kijana ameuawa, nasi tunabishana kama siri imelindwa!

Darasani tunafundishwa na Aristotle kwamba tanzia huamsha huruma na hofu. Hapa hofu iliamka, huruma ikabaki imelala. Na hofu hiyo ndiyo iliyomtawala Xolani. Hakuua kwa sababu ya mwelekeo wake. Aliua kwa sababu aliamini kwamba watu wakijua, yeye amekwisha. Imani hiyo alifundishwa na nani? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi tunayoyasema hapa ni woga, na woga huo tunaambukizana.

Tusieleweke vibaya. Fundisho la Kanisa kuhusu ndoa ya mume na mke tunalishika, na usaliti wa Vija kwa mkewe hatuutetei. Lakini Katekisimu ileile, namba 2358, inatutaka tuwapokee watu wenye mwelekeo huu kwa heshima na huruma, na tuepuke kuwabagua isivyo haki. Wengi wetu tumekariri nusu moja ya fundisho, nusu ya pili tukaipita haraka.

Tena habari hii haiko mbali nasi. Sisi mafrateri tunaishi kama walio jandoni: vijana wa kiume, mbali na nyumbani, tukiwa na walezi. Mezani tunamcheka mwenzetu kwa anavyotembea au anavyocheka, na hatujui ni nani anacheka pamoja nasi huku moyo unamdunda. Frateri asiyeweza kumwambia baba wa kiroho ukweli wake halelewi, anajifunza kujificha tu. Na mtu aliyezoea kujificha atakuja kukabidhiwa watoto wa watu.

Nanyi waamini, tumewahi kumsikia mzazi parokiani akisema heri mwanawe afe kuliko awe hivyo. Alisema mbele ya watoto. Huenda mmoja wao aliyaweka maneno hayo moyoni.

Hatusemi kila mtu aitazame filamu hii. Ina mambo yasiyofaa watoto. Tunaomba tu kwamba kabla ya kuuliza nani ametoa siri, tuulize kwanza kijana yuko wapi. Mchungaji wa Injili aliwaacha wale tisini na tisa akamtafuta mmoja, na hakuuliza kwanza alipotelea wapi.