Riwaya za Picha kwa Wapenzi wa Tenzi



Naanza kwa kukiri kosa langu. Mwezi uliopita nilimkuta binti yangu, aliye shule ya upili, ameketi barazani baada ya swala ya Alasiri, kitabu cha picha mapajani. Nikakitwaa. Nikamwambia kuwa katuni ni za watoto wa chekechea, na kwamba katika nyumba yenye Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona, msichana wa umri wake hana haja ya vikaragosi. Hakunijibu, kwani ana adabu zake. Lakini nilimwona machozi yakimlengalenga. Usiku, kabla ya kukifungia kabatini, nilikifungua nipate kujua nilichokikataza. Adhana ya Alfajiri ilinikuta ningali nacho mkononi.

Kitabu hicho chaitwa When Stars Are Scattered, na kilitoka mwaka 2020. Mwenye kisa ni Omar Mohamed, Msomali aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, hapa hapa kwetu Kenya. Mchoraji ni Victoria Jamieson wa Marekani. Babake Omar aliuawa, mamake wakapoteana naye katika kukimbia vita, naye akabaki na mdogo wake Hassan, mwenye kifafa, asiyetamka ila neno moja: "Hooyo", yaani mama kwa Kisomali. Omar anapopata nafasi ya kuingia shule, furaha yake inageuka mtihani: akienda kusoma, ni nani atakayemchunga Hassan? Yumo Bi Fatuma, aliyefiwa na wanawe mwenyewe, akawafanya mayatima hawa wawili kuwa wanawe. Yumo pia msichana hodari darasani anayeozwa mapema, na masomo yake yakakomea hapo. Nimekhutubu mara nyingi juu ya haki za yatima. Sikumbuki khutba yangu hata moja iliyonikosesha usingizi namna ile.

Asubuhi nilimrudishia mwanangu kitabu chake na kumtaka radhi.

Najua wako miongoni mwenu, hasa mama zetu waliolelewa kwa tenzi, watakaosema kwamba picha humvivisha msomaji. Hivyo ndivyo nilivyodhani nami, hata nilipomwona mamangu mzazi. Yeye husoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na Mwana Kupona yuko moyoni mwake tangu usichana, Kiingereza hakijui. Mjukuu wake alikaa naye mkekani akawa anamfasiria kisa cha Omar, ukurasa baada ya ukurasa. Bibi akamzuia. "Usikimbie, mwanangu. Hapa yuko na nduguye, na hapa yuko peke yake. Baina ya hapa na hapa pamepita nini?" Akaiwekea kidole ile nafasi nyeupe iliyo kati ya picha mbili. Mimi niliyesoma usiku kucha nilikuwa nimeiruka.

Nikafahamu kuwa mama alikuwa akisoma kama asomavyo utenzi. Ubeti haukwambii kila kitu. Baina ya ubeti na ubeti mna kimya, na msomaji aliyezoea hukijaza kwa fikira zake. Riwaya ya picha nayo imejengwa hivyo hivyo. Aliyelelewa kwa tenzi ana mafunzo ambayo kijana wa simu hana.

Kwa msomaji wa aina hii ningependekeza aanze na The Arrival cha Shaun Tan wa Australia, kilichotoka mwaka 2006, ambacho hakina neno hata moja ndani yake. Mtu anaiacha nyumba yake, mkewe na binti yake mdogo, anakwenda nchi ya mbali kutafuta riziki. Ukurasa wa kwanza ni vitu vya nyumbani tu: saa, kofia, buli, sanduku la safari. Tazama vile vitu, kisha kumbuka jinsi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyotuonyesha majumba ya Pate kwa zidaka na vyombo vyake, tukawajua wenyewe waliokwisha ondoka. Na ni nyumba ngapi za pwani hii ambazo baba, au mama, yuko Ghuba kwa kazi, na mtoto amjua kwa sauti ya simu tu? Watu hao hawatahitaji mfasiri.

Suala la hukumu ya picha nalijua, wala silikwepi. Wanazuoni wamekhitalifiana: wako waliokataza kila picha ya chenye roho, na wako, miongoni mwa Wamaliki, waliotenga baina ya sanamu yenye kivuli na mchoro wa karatasini. Aishikaye kauli iliyo nzito simlaumu. Ila asidhani kuwa kitabu cha picha ni uzushi wa Wazungu. Maqamat za al-Hariri, ambazo wanafunzi wa Kiarabu wangali wakizisoma, zilichorwa na Yahya al-Wasiti wa Iraki mwaka 634 Hijria, ambao ni 1237 Miladia, na nakala yake ipo Paris hadi leo.

Si kila kitabu cha namna hii kifaacho kuingia nyumbani. Vingine vina uchi na upuuzi mtupu, na mzazi afungue kabla ya kununua. Hata kizuri huenda kisiwe cha watoto: Palestine cha Joe Sacco, mwandishi wa habari mzaliwa wa Malta aliyezuru Ukingo wa Magharibi na Gaza mwishoni mwa 1991 na mwanzoni mwa 1992, kimejaa ushahidi alioupokea majumbani mwa watu, lakini mna mateso ya jela na maneno makali. Hicho ni cha watu wazima.

Bei zake si nyepesi, kweli. Sisi tumekubaliana na majirani wawili, kila nyumba inunue kimoja, kisha tubadilishane. Kile cha Shaun Tan kingekuwa zamu ya jirani tangu Ijumaa iliyopita, lakini mama hajakitoa. Asema hajamaliza kukisoma.