Majani ya Ng'ombe: Tuyakate Lini?



Baba mwenye ng'ombe wawili watatu hupenda kungoja. Aona majani yamepita kichwa cha mtoto, afurahi: «Sasa nitapata mzigo mkubwa.» Huku Katanga huyakata mwezi wa sita, kiangazi kimekwisha shika nchi, na kuyarundika karibu na zizi. Ng'ombe ayatafuna kidogo, ayaacha. Maziwa yapungua, na watoto nyumbani ndio wa kwanza kuona kikombe hakijai. Hapo watu husema ng'ombe ana ugonjwa. Hana ugonjwa, ana njaa, na chakula ki mbele yake.

Sababu ndiyo hii. Majani machanga yana protini nyingi. Yakiisha kutoa mbegu, protini yapungua na mabua yawa magumu kama kuni. Ikishuka chini ya sehemu 7 hivi katika 100 za majani makavu, vijidudu vya tumboni vinavyomsagia ng'ombe majani hukosa nguvu. Tumbo hukaa limejaa, na mnyama hali tena. Kwa hiyo yafaa kukata majani yanapoanza kuchanua. Lakini wakati huo mvua ingaliko, na majani yaliyokatwa yataoza! Neno hilo ni kweli. Basi tukate kwanza mwezi wa kwanza au wa pili, tuwape ng'ombe yakiwa mabichi. Machipukizi yatakuwa bado machanga mwezi wa nne, mvua inapokwisha. Hayo tuyaanike juani siku mbili tatu, tukiyageuzageuza.

Tena kuna mbolea. Anayekata kila mwaka pasipo kurudisha kitu huhamisha utajiri wa udongo, hasa potasi. Moto wa porini waacha jivu, lakini naitrojeni yaenda na moshi. Samadi yarudisha mengi, ila tusisahau mkojo, maana potasi nyingi imo humo: tutandike majani makavu zizini yaunywe, kisha tueneze samadi hiyo, tabaka nyembamba, mvua za kwanza zinapoanza.

Na mbolea ya dukani? Huko Rothamsted, Uingereza, mabwana Lawes na Gilbert walianza mwaka 1856 kutia mbolea mbalimbali katika shamba moja la majani, na kazi hiyo yaendelea hata leo. Penye mbolea kamili mavuno yalizidi mara mbili. Lakini palipotiwa salfeti ya amonia miaka mingi pasipo chokaa, udongo uligeuka mchachu, na aina za majani, ambazo pasipotiwa kitu zapita 30, zilibaki mbili tatu tu. Penye fosfeti na potasi peke yake yalisitawi majani ya jamii ya maharagwe, ambayo hujipatia naitrojeni katika hewa.

Sisi, kama fedha yatosha gunia moja, tungenunua fosfeti, tukaitia kipande kidogo ambamo majani ya jamii hiyo yamo, na kuacha kipande cha pili vivyo hivyo, ili mwezi wa nne tupime mizigo ya pande zote mbili.